Majani Hupimwa, Mwenyewe Hapimwi

Mwaka 1929 jarida la tiba la Uingereza, The Lancet, lilichapisha ripoti ya daktari wa serikali ya kikoloni aliyekuwa akifanya kazi Kavirondo Kusini, upande wa Kisii na majirani zake. C. P. Donnison alikuwa amewapima presha wanaume 1,000 wasio na ugonjwa wa kuonekana. Alichokikuta kingemfanya muuguzi wa leo aikague mashine yake upya. Presha ya watu wale haikuwa ikipanda kadiri umri unavyosonga. Baada ya miaka 40 ilikuwa ikishuka. Na kwa muda wa miaka 2 hivi, kati ya wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa hospitalini kwake, hakumpata hata mmoja mwenye presha ya juu.

Miaka 86 baadaye, utafiti wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulikuta karibu mtu mzima 1 kati ya 4 ana presha ya juu. Asilimia 56 ya waliohojiwa hawakuwa wamewahi kufungwa mkanda wa kupimia maishani mwao. Miongoni mwa wenye presha, waliokuwa wakijua hali yao ni asilimia 15.6 tu. Katika hao waliojua, zaidi kidogo ya robo ndio waliokuwa wakimeza dawa, na katika hao wamezao dawa, nusu ndio waliokuwa wamedhibitiwa. Fanya hesabu kutoka mwanzo: katika kila Wakenya 100 wenye presha ya juu, waliokuwa salama walikuwa 2 hivi.

Kwa hiyo anayeniambia presha iko kwenye ukoo wao tangu zamani, namsikiliza kwa heshima, lakini siamini yote. Ukoo una mchango wake, ila ugonjwa huu umeingia Kenya ndani ya umri wa watu wawili, babu na mjukuu. Watafiti wakiongozwa na Neil Poulter waliwafuatilia Waluo waliohama kutoka vijijini kwenda kutafuta kazi Nairobi, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yalitoka katika jarida la BMJ mwaka 1990. Presha ya waliohamia mjini ilikuwa juu kuliko ya wenzao, na tofauti hiyo haikungoja miaka. Ilionekana mapema baada ya kuhama. Mkojo wao ulionyesha wanakula chumvi zaidi na potasiamu kidogo zaidi, yaani mboga, viazi na matunda yalikuwa yamepungua sahanini.

Huku Meru na Embu hakuna haja ya kuhama. Mji umepanda mlima ukatufuata. Chipsi zinakaangwa Chuka, Runyenjes, Kianjai na Siakago, chumvi ikinyunyizwa kabla mafuta hayajachuja. Mukimo unapikwa bado, lakini pembeni yake kuna mchuzi wa unga wa pakiti ambao nusu yake ni chumvi tu kwa ladha yake. Safari ya sokoni iliyokuwa ya miguu sasa ni ya bodaboda. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asivuke gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni kijiko kidogo cha chai kikiwa sawasawa na ukingo wake. Mtu akila chipsi mchana na githeri ya mchuzi wa pakiti jioni, kijiko chake kilijaa zamani.

Mkulima wa Imenti Kusini au wa Manyatta hahitaji somo la fizikia ili aelewe presha ni nini. Maji ya mradi huchukuliwa juu karibu na msitu wa Mlima Kenya, yakaingia kwenye bomba pana, bomba likagawanyika na kugawanyika tena hadi kila boma likapata lake, mpaka pale kinyunyizio kinapozunguka juu ya viazi. Kinachosukuma ni mteremko. Mwili hauna mteremko. Damu ya kichwani inapaswa kupandishwa, ya vidole vya miguu inapaswa kurudishwa, na kazi yote hiyo imeachiwa msuli mmoja wenye ukubwa wa ngumi na uzito wa gramu 300 hivi.

Moyo una vyumba 4. Damu iliyokwisha kutumika hurudi katika chumba cha juu cha kulia, ikashuka cha chini, ikasukumwa mapafuni. Huko inaacha hewa chafu na kuchukua oksijeni, kisha inarudi upande wa kushoto. Chumba cha chini cha kushoto ndicho chenye ukuta mnene kuliko vyote, kwa sababu ndicho kinachoisukuma damu kwenye aorta, bomba kuu lenye upana wa sentimita 2 na nusu hivi, iende mwili mzima. Aorta hugawanyika kuwa ateri, ateri zikawa nyembamba zaidi na zaidi, mpaka kapilari, vijishipa ambamo chembe nyekundu za damu hulazimika kupita moja moja kwa foleni. Ni hapo tu ndipo oksijeni na chakula hutoka kwenye damu na kuingia mwilini. Mengine yote ni usafiri. Kati ya vyumba na milangoni pa mishipa mikubwa kuna vali 4 zinazoruhusu damu kwenda mbele na kuizuia kurudi. Ule mlio wa du-dup anaousikia daktari ni vali zikifunga.

Kwa mtu aliyetulia, moyo hupiga mara 70 hivi kwa dakika, na kila pigo hutoa mililita 70 za damu. Hizo ni lita 5 kwa dakika, karibu damu yote uliyo nayo mwilini. Kwa siku ni mapigo 100,000 na lita 7,000. Ujaze tangi la lita 5,000 lililo nyuma ya nyumba, kisha uanze kujaza la pili. Kila siku, bila likizo.

Ilichukua muda mrefu watu kukubali kwamba damu inazunguka. Katika karne ya 13 tabibu Ibn al-Nafis, mzaliwa wa Damascus aliyefanya kazi Cairo, aliandika kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo kwenda wa kushoto kwa kupitia mapafuni, wala si kwa kupenya ukuta uliopo katikati kama vitabu vya zamani vilivyodai. Mwingereza William Harvey akamalizia mwaka 1628 kwa hesabu: damu inayotoka moyoni kwa saa moja ni nyingi mno kuweza kutengenezwa upya kutokana na chakula, basi lazima ni ile ile inayorudi.

Jambo moja la umbile la moyo nataka msomaji alishike, maana tutalihitaji tukifika kwenye miraa. Moyo haunywi damu iliyo ndani ya vyumba vyake. Una ateri zake mbili zinazochipuka mwanzo kabisa wa aorta na kuuzunguka kwa nje. Na tofauti na viungo vingine, msuli wa moyo hupata sehemu kubwa ya damu yake wakati umelegea, kati ya pigo na pigo, kwa sababu ukijikaza huibana mishipa hiyo. Moyo hula wakati wa kupumzika. Ukiuharakisha unaupunguzia muda wa kula, na wakati huo huo kazi imeongezeka.

Presha ni nguvu ambayo damu inasukumia kuta za ateri. Namba ya juu ni nguvu wakati moyo umejikaza. Ya chini ni ile inayobaki ukiwa umelegea. Mkanda wa kufunga mkononi uliletwa na Mwitaliano Scipione Riva-Rocci mwaka 1896, na mwaka 1905 daktari wa Urusi, Nikolai Korotkov, akaongeza jambo dogo lililobadilisha tiba: akaweka stetoskopu chini ya mkanda na kusikiliza. Mpaka leo muuguzi anayetumia mashine ya pampu ya mkono hufanya vile vile. Mkanda unajazwa hewa mpaka damu haipiti kabisa, na masikioni mwake kimya. Hewa inaachiliwa polepole. Mlio wa kwanza, tuk, ni damu iliyopenya kwa nguvu ya pigo. Namba iliyoonyeshwa wakati huo ndiyo ya juu. Milio inaendelea, inalainika, inapotea. Inapopotea ndiyo namba ya chini. Hesabu ni kwa milimita za zebaki. Ikifika 140 juu au 90 chini, na ikarudia hivyo siku nyingine, hiyo ni presha ya juu.

Shida ni kwamba haiumi. Ukuta wa ateri unapopigwa kwa nguvu ya 160 mwaka baada ya mwaka hujikaza na kunenepa, tundu likawa jembamba, mafuta yakapata pa kushika, na mafigo yakaanza kuharibika bila mwenyewe kuhisi kitu. Msuli wa chumba cha kushoto nao hunenepa kwa kazi nyingi. Watu huku wanasema presha huonekana kwa kichwa kuuma au kwa kukasirika haraka. Wengi wenye 180 hawana kichwa kinachouma, na wengi ambao kichwa kinawauma wana presha nzuri kabisa. Aliyekasirishwa na mtoto anaweza kupanda kwa dakika chache na kushuka. Huo si ugonjwa. Ugonjwa ni ile isiyoshuka hata mtu akiwa amekaa kivulini.

Sasa kwenye majani. Igembe wana miraa, Mbeere wana muguka, na mmea kitaalamu ni mmoja, Catha edulis. Mla miraa humenya ganda laini la kijiti. Mla muguka hutafuna majani yenyewe, karanga au chingamu ikisaidia kuondoa uchungu. Kinachotafutwa humo ni kathinoni, kemikali ya jamii moja na amfetamini. Ina pupa ya kuharibika: siku 2 baada ya kuvunwa nguvu yake imekwisha kushuka sana. Ndiyo maana vibunda hufungwa kwa majani ya migomba vibaki na unyevu, na ndiyo maana pikapu kutoka Maua huteremka kwenda Nairobi kwa mwendo ambao kila anayeishi kando ya barabara ya Meru hadi Embu ameuzoea na kuuogopa.

Ndani ya mwili kathinoni hufungulia zile kemikali ambazo mwili huzitoa mtu akishtuka. Mishipa hubana, moyo huenda mbio, presha hupanda na kukaa juu muda wote wa kutafuna na baada yake. Kumbuka moyo unaokula ukiwa umepumzika. Kwa kijana wa miaka 20 mwenye mishipa safi, moyo humudu, na handas, ile stimu ya kutafuna, ikiisha hurudi mahali pake. Kwa mtu wa miaka 50 ambaye presha yake ni 165 tangu miaka 6 iliyopita naye hajui, mzigo ni mwingine kabisa. Huyo anautaka moyo ukimbie ilhali mabomba yake yenyewe yamekwisha kubana. Utafiti uliotoka mwaka 2011 katika jarida la Circulation uliwaangalia wagonjwa zaidi ya 7,000 wa mshtuko wa moyo katika nchi 6 za Uarabuni, Yemen ikiwamo. Waliokuwa watafunaji walikufa zaidi wakiwa hospitalini na walipata kiharusi zaidi kuliko wasiotafuna. Kama kutafuna kwa miaka mingi kunaacha presha ya kudumu hata siku ambazo mtu hakutafuna, hapo wataalamu wanabishana bado. Lakini la saa zile za kutafuna halina ubishi. Tena miraa haitembei peke yake: kuna sigara, kuna soda, kuna usiku usiolaliwa na chakula kisicholiwa.

Mei 2024 kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipiga marufuku muguka. Embu ikawaka moto. Rais William Ruto akasema amri hizo hazina nguvu kwa sababu miraa na muguka ni mazao yanayotambuliwa na sheria ya taifa, na Mahakama Kuu ya Embu ikazisimamisha kwa muda. Nilifuata mabishano yale kwa karibu. Yalizungumza juu ya vijana wa Pwani, juu ya ushuru wa kila lori, juu ya karo za watoto wa Kiritiri na Gachoka. Yote ya haki. Moyo wa mkulima mwenyewe, anayevuna na kutafuna kidogo ili aamke mapema akavune tena, haukupata wakili upande wowote. Aliyesema ni sumu alisema ni sumu kwa Mombasa. Aliyesema si sumu alisema hivyo kwa ajili ya soko. Takwimu za mwaka 2022 za NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na vileo na dawa za kulevya, zinasema mtu 1 kati ya 28 nchini, wa umri wa miaka 15 hadi 65, hutafuna. Sina nia ya kumtukania mtu mmea wake mlangoni kwake. Nyumba nyingi za mawe za Mbeere zimejengwa na majani hayo. Ninachokitaka ni kidogo: mwenye kutafuna ajue namba zake, na mwenye 140 kwenda juu aache. Marufuku ya gavana haiwezi kumwambia nani ni nani. Mkanda unaweza.

Ubongo ndio unaolipa deni la presha kwa haraka zaidi. Mshipa ukipasuka au ukizibwa na bonge la damu, sehemu ya ubongo iliyokuwa ikilishwa huanza kufa ndani ya dakika chache. Mdomo unapinda upande, mkono unalegea, maneno yanakuwa mazito kama ya mlevi. Hiki ndicho kiharusi, na hakuna haja ya kumtafuta aliyerusha jicho baya. Dawa ya kuyeyusha bonge ina faida ikitolewa ndani ya saa 4 na nusu, na haiwezi kutolewa kabla ya picha ya CT kuthibitisha kwamba hakuna mshipa uliopasuka, kwa maana ikitolewa kwa aliyepasuka mshipa inaweza kumuua. Mtu aliyeangukia Mutuati au Makima anapoteza saa hizo barabarani na nyumbani, watu wakimsugua mafuta na kumwombea. Kuomba ni kuzuri. Kufanyike ndani ya gari.

Mshtuko wa moyo ni hadithi hiyo hiyo kwenye ateri za moyo wenyewe: maumivu ya kifua kama ya kukandamizwa, yakaenda bega la kushoto, shingo au taya, jasho jembamba likatoka. Wengi hudhani ni gesi ya tumbo, wakanywa maji moto na kulala.

Lakini ugonjwa unaojaza vitanda zaidi ni ule wa moyo uliochoka. Miguu inavimba, ukiibonyeza kidole kinaacha shimo. Mgonjwa hawezi kulala chali, anapanga mito mitatu, anaamka usiku akitafuta hewa dirishani. Utafiti uliohusisha nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo, ulichapisha mwaka 2012 taarifa za wagonjwa 1,006 wa aina hii waliolazwa. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52. Ulaya mgonjwa wa moyo uliochoka kwa kawaida ni mzee aliyepita miaka 70; kwetu ni baba mwenye watoto shule za upili. Na chanzo kilichoongoza, kwa asilimia 45, kilikuwa presha.

Chanzo kingine katika utafiti ule ni cha utotoni. Mtoto anaumwa koo, koo linapona, wiki kadhaa baadaye viungo vinavimba na kuuma kwa zamu, goti leo, kiwiko kesho. Ni kinga ya mwili inayopigana na bakteria wa koo, ikakosea shabaha na kushambulia vali za moyo. Vali ikiingia makovu haifungi wala haifunguki vizuri, na msichana anagundua akiwa na mimba, pumzi zikimwisha kwa kupanda ngazi za kanisa. Koo lililotibiwa kwa penisilini mapema halifiki huko. Aliyefika huko hudungwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki 3 au 4 kwa miaka mingi, na walioharibika vali sana huhitaji upasuaji Nairobi au Tenwek, Bomet. Gharama ya mambo hayo mawili hailinganishiki.

Vena nazo zina yao. Hazina pampu, damu ya miguuni hupanda kwa kubanwa na misuli ya mashavu ya miguu unapotembea, vali ndogo zikiizuia isishuke. Anayesimama siku nzima mahali pamoja, hasa mama aliyezaa mara nyingi, vali huchoka na mishipa ikajitokeza kama kamba chini ya ngozi. Hiyo inasumbua zaidi ya kuua. Inayoua ni bonge linaloganda ndani ya mguu mmoja, ukavimba ghafla na kuuma, mara nyingi baada ya kujifungua au kulazwa, kisha likakatika na kusafiri hadi mapafuni. Mguu mmoja uliovimba peke yake usingoje kesho.

Kutoka kwenye mishipa tuje kwenye damu yenyewe. Hospitali ya rufaa ya Embu ina jirani ambaye watu wengi hupita bila kumfikiria. Embu ni moja ya vituo 6 vya kimkoa vya huduma ya damu nchini, pamoja na Nairobi, Mombasa, Kisumu, Nakuru na Eldoret. Damu ya wafadhili hupelekwa huko ikapimwa virusi vya ukimwi, homa ya ini aina B na C, na kaswende kabla ya kugawiwa hospitalini. Mfuko mmoja ni mililita 450, na chembe nyekundu zilizomo hukaa siku 35 kwenye jokofu kisha hutupwa. Nyanda za chini za Tharaka na Mbeere, ambako mbu wa malaria wapo, zina watoto wanaofika hospitalini weupe viganja, damu imekwisha kuliwa na vimelea. Mlimani malaria ni haba, ila akina mama wanaotokwa na damu baada ya kujifungua wako kila mahali. Na mfadhili mkubwa wa damu hiyo yote ni mwanafunzi wa shule ya upili. Shule zikifungwa Aprili, Agosti na Desemba, majokofu hupungua, wakati ambapo ajali za barabarani zinaongezeka.

Kabla ya kutolewa damu, mwanafunzi hupimwa presha. Mama yake alipimwa kila alipokwenda kliniki ya wajawazito, kwa sababu presha ya ujauzito huweza kumletea kifafa cha mimba akafa yeye na mtoto. Shosho hupimwa akipelekwa kwa ajili ya magoti. Anayebaki katika boma zima ni baba. Yeye hana mimba, shule alimaliza, na hospitali huenda akiwa amebebwa.

Vifaa vipo. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, kila mmoja na mkoba wenye mashine ya presha, kipima sukari na kipimajoto. Mfuko wa bima ya afya wa SHA, uliochukua nafasi ya NHIF Oktoba 1, 2024, unalipia huduma za zahanati na vituo vya afya kwa aliyejisajili. Dawa za kuanzia, kama amlodipini, losatani na haidroklorothiazidi, ni za zamani, zinajulikana, na kwa mgonjwa mmoja hazigharimu kama watu wanavyoogopa, ingawa zahanati ikiishiwa mgonjwa hujikuta duka la dawa. Kosa kubwa hutokea baadaye. Mtu anameza mwezi mmoja, anapimwa 128, anafurahi, anaacha. Ile 128 ilikuwa ya dawa. Akirudi kwenye kitunguu saumu na maji ya ndimu aliyouziwa soko la Gakoromone, presha inarudi ilikokuwa, na safari hii hana habari nayo kwa sababu karatasi ya mwisho ilisema yuko sawa.

Mhudumu mwenye mkoba hupita nyumbani mchana na baba hayupo. Basi afuatwe aliko. Katika mteremko wote wa mashariki wa Mlima Kenya na Nyambene, kutoka Rukuriri na Mungania upande wa Embu, Weru upande wa Tharaka Nithi, hadi Kionyo, Githongo, Michimikuru na Kiegoi, kuna vituo vya kununulia majani chai. Wakulima hufika na magunia, wakakaa kwenye benchi wakingoja lori la kiwanda, wakati mwingine saa nzima na zaidi. Hapo majani hupimwa kwa mizani mpaka nukta ya mwisho, na karani akikosea nusu kilo kelele hufika kiwandani. Mkulima mwenyewe hapimwi. Mbeere wana vituo vya kukusanyia muguka vyenye benchi kama hizo. Mkoba wa mhudumu ukifika kwenye benchi hizo mara moja kwa mwezi, wanaume wasiokanyaga zahanati watapimwa bila kupoteza hata mchumo mmoja, na ushuru unaotozwa kwenye mazao hayo unaweza kununua betri na karatasi.

Ila kipimo cha benchi kina masharti yake, na karani anayeharakisha lori asipewe nafasi ya kuyavuruga. Mtu akae dakika 5 kwanza baada ya kutua gunia. Asiwe ametafuna saa zilizotangulia, wala asiwe amevuta sigara au kunywa kahawa kwa nusu saa iliyopita, na kama anahisi haja ndogo aende kwanza. Avue koti, mkanda haufungwi juu ya sweta. Mgongo uegemee, nyayo zote mbili zikanyage chini bila kukunja nne, mkono ulale juu ya kitu, sawa na kimo cha moyo. Asiongee, hata bei ya bonasi ikitajwa. Apimwe mara 2 kwa kuachanisha dakika moja, na namba zote ziandikwe kwenye karatasi atakayobaki nayo. Zikitoka 140 kwa 90 au zaidi, apimwe tena siku nyingine kabla ya kupewa jina la ugonjwa. Zikitoka 180 kwa 120 au zaidi na mtu ana maumivu ya kifua, macho yanaona giza au mkono umelegea, lori la chai limngoje. Yeye apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.